King Kong ya 1933: vitabu na makala zake, uanze na ipi na ipi uiache kwanza

Mtu akimaliza kuangalia King Kong ile ya zamani, ya mwaka 1933, ile ya nyeusi na nyeupe, kichwani anabaki na maswali mawili. La kwanza, hivi hawa jamaa walifanyaje? Kompyuta hakuna, halafu sokwe jitu linatembea, linapigana na dinosa, linavunja geti, linapanda jengo la Empire State mpaka kileleni huku ndege zinalizunguka. La pili linakuja taratibu, hasa kama anayeangalia ni mtu wa huku kwetu: wale watu wa kisiwani mbona wamechorwa vile? Stori inasema kisiwa kiko magharibi ya Sumatra huko Indonesia, lakini waliosimamishwa mbele ya kamera wengi ni weusi wa Los Angeles, wamevalishwa majani na manyoya, kazi yao kucheza ngoma, kuogopa, kukanyagwa na kutafunwa.

Maswali yote mawili yameandikiwa sana, miaka na miaka. Shida ni kwamba wanaojibu la kwanza wanaligusa la pili juu juu tu, na wanaojibu la pili hawana muda na gundi na vyuma na rangi, yani unaweza kusoma kitabu kizima ukadhani unaijua hii muvi kumbe umeiona upande mmoja. Ndo maana nimeamua nivilinganishe hivi vitabu na makala, ili kila mtu achague kwa anachokitafuta. Vyote ninavyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza, vingine Kiingereza chepesi kabisa, vingine cha chuo kikuu kigumu, nitasema ni vipi.

Kabla hujasoma chochote hakikisha muvi umeiona nzima. Mwaka 1938 iliporudishwa sinema walikata vipande kibao kwa sababu ya sheria za maadili za Hollywood: Kong anamvua nguo yule binti kidogo kidogo, Kong anatafuna watu, anawakanyaga wanakijiji, anamwachia mwanamke toka ghorofani. Vipande vilikuja kurudishwa miaka mingi baadaye. Kopi nzima inakaribia dakika 100, na nusu ya mabishano ya kwenye vitabu yanahusu vipande hivyo hivyo vilivyokatwa, kwa hiyo ukiwa na kopi iliyokatwa utasoma huku unajiuliza wanaongelea nini.

Walifanyaje? Goldner na Turner dhidi ya Ray Morton

Hapa vitabu vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni The Making of King Kong cha Orville Goldner na George Turner, kilitoka 1975. Cha pili ni cha Ray Morton, King Kong: The History of a Movie Icon, cha mwaka 2005, ule mwaka Peter Jackson alitoa ya kwake.

Mi naanza na Goldner kwa sababu moja tu, huyu mzee alikuwepo. Alikuwa fundi kwenye ile timu iliyotengeneza muvi yenyewe, studio ya RKO, kwa hiyo anapokueleza kitu kilijengwaje anakueleza kitu alichokiona kwa macho. Na kitu chenyewe ni cha kustaajabisha kweli kweli. Kong unayemwona anatembea ni kidoli cha inchi 18 hivi, sentimita 45, ndani kina mifupa ya chuma yenye maungio yanayozunguka kama ya bega la mtu, juu yake misuli, halafu kimevikwa manyoya ya sungura. Aliyevitengeneza vile vidoli ni Marcel Delgado, kijana aliyezaliwa Mexico, na aliyevipa uhai ni Willis O'Brien na wasaidizi wake. Unasogeza mkono wa kidoli kidogo sana, unapiga picha moja, unasogeza tena, unapiga nyingine. Sekunde moja ya muvi inakula picha 24, dakika moja inakula 1,440, na katika zote hizo ukikosea moja inaonekana. Ukiangalia vizuri manyoya ya Kong utaona yanatetemeka tetemeka muda wote, zile ni alama za vidole vya waliokuwa wanamshika kati ya picha na picha. Mi nikishajua hilo siwezi tena kuiangalia ile muvi bila kuwaona wale watu, yani mikono yao imebaki pale mpaka leo.

Halafu kuna ile sehemu ya kuchanganya. Kidoli kipo mezani, binti Fay Wray ni mtu mzima wa kawaida, wanakutanaje kwenye picha moja? Walikuwa wanachora msitu kwenye vioo na kuvipanga mbele na nyuma ya meza ya vidoli, kazi ya Mario Larrinaga na Byron Crabbe, na ule msitu wenye giza na mizizi iliyosokotana waliuiga kwa michoro ya Mfaransa Gustave Doré. Wakati mwingine waigizaji wanacheza mbele ya skrini kubwa ambayo nyuma yake inarushwa picha ya Kong iliyokwisha kupigwa. Wakati mwingine kinyume chake, mtu anarushwa kwenye kiskrini kidogo kilichofichwa katikati ya msitu wa vidoli. Na kwa ile kukamatwa mkononi walijenga mkono mkubwa kweli, na kichwa na kifua kikubwa kilichofunikwa ngozi za dubu, watu watatu wanaingia ndani wanachezesha macho na midomo. Sauti ya Kong ni ngurumo za simba na chui milia zimepunguzwa kasi na kurudishwa nyuma, hiyo kazi ya Murray Spivack. Goldner na Turner wanayaeleza mambo ya namna hii kwa uvumilivu, na picha za nyuma ya kamera zimejaa, mtu asiyejua Kiingereza sana anaweza kuangalia picha tu akaelewa nusu ya kitabu.

Morton yeye ni mtu wa upana. Anazichukua zote: ya 1933, Son of Kong ya mwaka huo huo, zile mbili za Wajapani za 1962 na 1967, ya 1976 ya Dino De Laurentiis, ya 1986, mpaka ya Jackson. Kila moja anakupa nani aliandika skripti, nani aligombana na nani, pesa zilitoka wapi. Kwa mtu aliyeikuta ya Jackson kwanza na anataka kurudi nyuma taratibu ni kitabu kizuri mno, kinasomeka fasta, lugha nyepesi. Ila kwa sababu amebeba muvi saba, ile ya kwanza anaipa sehemu tu, na ukitoka kwa Goldner ukaingia kwa Morton utahisi umetolewa karakana ukaingizwa ofisini. Kwa hiyo kama unachora, unatengeneza katuni, unapiga video, unafanya chochote cha mikono, Goldner na Turner bila kufikiria mara mbili. Kama wewe ni mpenzi wa Kong wote, Morton.

Nani alimzaa Kong? Cooper, Wallace na Fay Wray

Hapa patamu kwa sababu wahusika wenyewe hawakubaliani.

Mark Cotta Vaz aliandika maisha ya Merian C. Cooper, kitabu kinaitwa Living Dangerously, 2005 pia. Cooper na mwenzake Ernest Schoedsack ndo waliongoza hii muvi, na maisha ya Cooper yenyewe ni muvi: rubani wa vita ya kwanza ya dunia, ndege yake ikaangushwa akatekwa na Wajerumani, vita ikaisha akaenda Poland kupigana na Warusi, akatekwa tena, akatoroka. Baadaye akaenda Uajemi kupiga picha wafugaji wa Bakhtiari wakivuka milima na mifugo yao, ikatoka Grass mwaka 1925, halafu Siam, ikatoka Chang mwaka 1927, halafu Sudan. Wazo la sokwe analianzia mbali, utotoni, alipopewa kitabu cha Paul Du Chaillu cha 1861 kuhusu safari za Gabon, kile kilichowaaminisha wazungu kwamba gorila ni jinamizi la kuua watu. Na kuna rafiki yake Douglas Burden aliyekwenda kisiwa cha Komodo mwaka 1926 akaleta mijusi mikubwa miwili hai New York, wakawekwa zoo wakafa. Cooper akaishika hiyo: mnyama mfalme kwao, analetwa mjini, mji unamuua.

Ni bonge la kitabu kama unapenda maisha ya watu, unakisoma bila kuchoka. Angalizo langu ni kwamba Vaz anampenda sana Cooper. Mambo mengi tunayaona kwa macho ya Cooper mwenyewe, na Cooper alikuwa mtu wa kusimulia.

Kwa hiyo muweke pembeni ya Edgar Wallace. Wallace alikuwa Mwingereza, mwandishi wa riwaya za uhalifu aliyeuza vitabu kwa wingi sana enzi hizo. RKO walimleta Hollywood mwisho wa 1931, akaandika rasimu ya kwanza ya hii stori, na tarehe 10 Februari 1932 akafariki huko huko. Cooper baadaye alisema Wallace hakuandika hata neno moja la Kong, jina lake liliwekwa kwa sababu tu aliahidiwa. Sasa barua alizokuwa anamwandikia mke wake zilichapishwa mwaka huo huo wa 1932 kama kitabu, My Hollywood Diary, na humo unamwona Wallace anaifanyia kazi stori ya sokwe siku kwa siku, anaeleza mikutano, anaeleza alivyotembezwa kuonyeshwa vidoli. Ukisoma barua za mtu asiyejua kwamba atakufa wiki chache zijazo, halafu ukasoma maneno ya aliyebaki hai miaka mingi na kusimulia apendavyo, utajua mwenyewe uzito uuweke wapi. Rasimu yake ilibadilishwa sana, hilo ni kweli, James Creelman aliiandika upya na mwisho Ruth Rose, mke wa Schoedsack, ndo aliinyoosha mpaka ikawa ile tunayoijua, lakini kusema hakuandika hata neno ni kumdhulumu marehemu.

Na kuna jambo kuhusu Wallace ambalo msomaji wa Kongo analihitaji. Mwaka 1907 gazeti la Daily Mail lilimtuma kwenda Kongo ya mfalme Leopold kuandika juu ya ukatili wa biashara ya mpira (ule utomvu wa miti), mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa. Alichokuja kukiandika baada ya safari za Afrika ni hadithi za Sanders, bwana mkubwa wa kizungu anayetawala watu wa mtoni kama watoto, kuanzia 1911. Huyo ndo aliyeitwa kuandika stori ya kisiwa cha watu washenzi na sokwe. Ukilijua hilo unaelewa kwamba kile kisiwa hakikuanzia Hollywood, kilikuwa kimeshaandaliwa miaka ishirini nyuma kwenye vitabu vya Uingereza, na sehemu ya malighafi yake ilitoka huku.

Fay Wray, yule binti mwenyewe, aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1989, On the Other Hand. Anasimulia Cooper alimwahidi atacheza na mwanaume mrefu na mweusi kuliko wote Hollywood, akadhani ni staa fulani mtanashati, kumbe ni Kong. Kitabu kinahusu maisha yake yote, Kong ni sehemu ndogo, na ukikinunua kwa ajili ya Kong peke yake utabaki na njaa. Kuna makala fupi aliyoiandika New York Times mwaka 1969, hiyo inatosha kabisa kwa Kong: anaeleza ule mkono mkubwa wa chuma na mpira ulivyomshika kiunoni, jinsi akihangaika vidole vinalegea, na hofu ya kuanguka ilikuwa ya kweli. Zile kelele maarufu alizirekodi baadaye studio, moja baada ya nyingine. Soma hiyo makala, kitabu kiache mpaka utakapotaka kumjua yeye kama yeye, maana maisha yake nayo yana mazito.

Wale watu wa kisiwani: Snead na Fatimah Tobing Rony

Hapa ndo moyo wangu ulipo, na hapa nitakaa kidogo.

James Snead alikuwa msomi mweusi wa Marekani, alifariki 1989 akiwa bado kijana, na insha zake za sinema zikatolewa kitabu mwaka 1994, White Screens, Black Images. Insha yake ya King Kong ni moja ya maandiko makali kuliko yote kuhusu muvi yoyote ninayoijua. Anachofanya ni rahisi kukieleza: anaondoa sokwe anaangalia safari. Meli ya wazungu inakwenda ng'ambo. Inakuta kiumbe mweusi mwenye nguvu kwao. Wanamlevya kwa gesi, wanampakia melini, wanamvusha bahari, wanamfunga minyororo, wanamsimamisha jukwaani mbele ya watu waliolipa tiketi. Hiyo safari, Snead anasema, Marekani inaijua vizuri sana ila haitaki kuitaja jina, kwa hiyo inaisimulia kwa sokwe. Halafu anamgeukia mtazamaji: wewe uliyekaa kwenye kiti unaangalia, unalipa kuona kile kile ambacho watu wa New York ndani ya muvi wamelipa kukiona, je macho yako yana hatia au hayana?

Sasa mtu wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambaye mnyororo anaujua kwa Bagamoyo na soko la Mkunazini Zanzibar, akiisoma hiyo insha anasoma kitu anachokijua. Biashara yetu ilielekea kwingine, Uarabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi, na ilikuwa na mambo yake, lakini ile picha ya mtu aliyefungwa akisimamishwa atazamwe haihitaji maelezo.

Fatimah Tobing Rony anaingia kwa mlango tofauti. Yeye asili yake ni Sumatra, yani kile kisiwa cha kwenye muvi kimewekwa jirani na kwao, na kitabu chake The Third Eye cha 1996 kinaanza na hali hiyo ya kukaa kwenye sinema halafu unajiona wewe mwenyewe umegeuzwa kuwa mshenzi kwenye skrini. Hilo jicho la tatu la jina la kitabu ndo hilo, jicho la mtu anayejitazama akitazamwa. Ila kitabu hakiko kwa King Kong peke yake. Anaanzia Paris mwaka 1895, daktari Félix-Louis Regnault alipompiga picha za kutembea mwanamke wa Kiwolofu wa Senegal akifinyanga vyungu kwenye maonyesho, watu wa Afrika wamewekwa uwanjani watazamwe. Anapita kwenye picha za wasafiri na wanasayansi, ndo anafika kwa Cooper na Schoedsack, watu ambao kabla ya Kong walikuwa wanapiga makabila ya mbali wanawauzia watu wa mjini. Kwake, Denham wa kwenye muvi, yule mtengeneza picha anayekwenda kisiwani na kamera, ni picha ya Cooper mwenyewe, na jitu la kutisha ni hitimisho la miaka arobaini ya kuwatazama watu wengine kama viumbe wa maonyesho.

Ukiwalinganisha hawa wawili: Snead ni kali, fupi, inahusu Amerika na utumwa, unaimaliza jioni moja. Rony ni kitabu kizima cha chuo, Kiingereza chake kizito na kuna majina mengi ya wanafalsafa, ila kinampa mtu wa Afrika kitu ambacho Snead hana, yani historia ya kamera ilipokuja huku kwanza ilikuja kufanya nini. Kama una sura moja tu ya kusoma kwa Rony soma utangulizi, halafu ruka moja kwa moja mpaka sura ya King Kong.

Na ukitoka hapo, kama una ujasiri, soma kitabu cha Pamela Newkirk cha 2015, Spectacle, juu ya Ota Benga. Huyu alikuwa mtu wa Kongo, Mmbuti, alipelekwa Marekani kwa maonyesho ya St. Louis ya 1904, na Septemba 1906 akawekwa zoo ya Bronx kwenye nyumba ya nyani, watu wanajaa kumwangalia. Alijiua mwaka 1916 Virginia. Kitabu hakihusu sinema lakini miaka 27 tu inatenganisha ile nyumba ya nyani na lile jukwaa la Kong, na ni mji ule ule. Mi baada ya kukisoma ile sehemu ya Kong kufunguliwa pazia amefungwa msalabani siiangalii tena kama burudani.

Jina jingine la kulishika ni Noble Johnson, aliyecheza chifu wa kisiwa. Huyu mwaka 1916 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya weusi iliyotengeneza picha za weusi wenye heshima zao, miaka 17 kabla ya kusimamishwa pale na manyoya kichwani akiongea lugha ya kubuni. Goldner atakuonyesha kijiji kilivyojengwa, Snead atakuonyesha kijiji kinamaanisha nini, ila mtu kama Johnson anahitaji usome wote wawili ndo umwone: fundi na mwathirika kwa wakati mmoja, ndani ya picha moja.

Kwa nini watu wanampenda Kong badala ya kumwogopa?

Kwa hili kuna makala mbili na kitabu kimoja. Mshairi X. J. Kennedy aliandika Who Killed King Kong? kwenye jarida la Dissent mwaka 1960, kurasa chache tu. Anasema mtu wa mjini aliyechoka na treni za asubuhi na bosi anafurahi kuona Kong akiing'oa ile treni, na anataja alivyosikia kwa rafiki wa Atlanta kwamba kwenye sinema za mitaa ya weusi kusini mwa Marekani Kong alikuwa anajaza watu muda wote. Hiyo sentensi moja ni muhimu, soma kabla ya Snead, maana inakuonyesha kwamba weusi wenyewe hawakukaa tu kutukanwa, walichagua upande, walishangilia jitu.

Noël Carroll mwaka 1984 anaisoma kama stori ya mdororo wa uchumi, msitu na New York vinafanana, kote ni mwenye nguvu mpishe. Ina hoja nzuri, na ukikumbuka muvi inaanza na binti mwenye njaa anakamatwa akitaka kuiba tofaa utaona hakosei, ila ni ya wanafalsafa, kama huna haraka nayo iache.

Kitabu ni cha Cynthia Erb, Tracking King Kong, 1998, na toleo la pili 2009. Erb anafuatilia Kong alivyopokelewa sehemu mbalimbali na vizazi mbalimbali, kuanzia matangazo ya RKO yaliyosema ana futi 50 wakati vidoli vilipigiwa hesabu ya futi 18 kisiwani na 24 mjini, mpaka jinsi makundi tofauti ya watu walivyomchukua wakamfanya wao. Pia anaiweka muvi kwenye ukoo wa picha za msituni za wakati huo, zikiwemo za ulaghai kama Ingagi ya 1930 iliyodai imepigwa Kongo. Ukisoma Erb utapata daraja kati ya Goldner na Snead kwa sababu anajua biashara ya sinema na anajua siasa yake. Kwa mwanafunzi anayeandika kazi ya chuo mi namwambia aanze na Erb moja kwa moja. Kwa msomaji wa kawaida ni kavu kidogo.

Riwaya ya Delos Lovelace nayo ipo, ilitoka mwisho wa 1932 kabla muvi haijaanza kuonyeshwa, ikifuata skripti. Kama kitabu cha hadithi ni cha kawaida, lakini ndani yake kuna buibui wa bondeni, ile sehemu ambayo Cooper aliikata kwenye muvi na filamu yake ikapotea kabisa. Ina kurasa chache, Kiingereza rahisi, kijana wa sekondari anaimaliza, na mpenzi wa hizi picha ataipenda kwa hilo bonde peke yake.

Sasa uchukue nini?

Kama utachukua viwili tu, chukua Goldner na Turner pamoja na insha ya Snead, na usome kwa kupokezana, sio kimoja umalize ndo uingie kingine. Soma Kong alivyojengwa, kisha soma kwa nini alifungwa minyororo, rudi kwenye vioo na rangi, rudi tena kwa Snead. Nimewaona watu wanaosoma upande wa ufundi peke yake wakakasirika mtu akiutaja ubaguzi, wanasema mnaharibu muvi yetu, na nimewaona waliosoma upande wa pili tu wakaitupa muvi nzima bila kujua Delgado na O'Brien walikesha vipi. O'Brien huyo mwaka huo huo wa 1933 alifiwa na watoto wake wawili wa kiume, akiwa bado kazini kwenye ile ya pili, Son of Kong. Wote hao wanastahili kujulikana, Noble Johnson na O'Brien na wale weusi wa Los Angeles ambao majina yao hayakuandikwa.

Msomaji wa Rwanda, Uganda au mashariki ya Kongo, unayeishi karibu na gorila wenyewe na unajua wanakula majani na kulea watoto, anza na Rony halafu Newkirk. Mtengeneza katuni, Goldner. Mpenda maisha ya watu, Vaz na barua za Wallace kwa pamoja, usimchukue Vaz peke yake. Kijana anayeanza, Lovelace na makala ya Kennedy.

Kuhusu matoleo: The Making of King Kong ya 1975 haichapishwi tena, na mwaka 2002 ilitolewa upya ikiwa imeongezwa na Michael Price kwa jina la Spawn of Skull Island. Ukipata lolote kati ya hayo chukua, ila kama unachagua na lengo lako ni maelezo mengi zaidi, la 2002. Na insha ya Snead huna haja ya kununua kitabu kizima, ilitoka peke yake mwaka 1991 kwenye jarida la Critical Quarterly, kwa hiyo mwenye akaunti ya maktaba ya chuo aitafute humo kwa jina la mwandishi.